Mideva na Dawa ya Lori la Lugari

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa. Mama, punguza moto chini ya hayo maharagwe. Na wewe baba, acha kuzungusha kitufe ukitafuta muziki. Muziki utakuja baadaye. Jioni hii tuna mtu wa kumkumbuka, na nawaambia mapema kwamba kumbukumbu yenyewe si tamu.

Anaitwa Mideva. Mideva, mke wa marehemu Chrispinus Wanyonyi. Mideva, dereva wa lori la Lugari. Amefariki Jumamosi iliyopita hapa mjini Kakamega, mtaa wa Amalemba, kwa ugonjwa wa kifua. Mwili wake bado uko hospitalini. Haujapelekwa nyumbani, kwa sababu mpaka saa hii ninapozungumza nanyi, watoto wake hawajui nyumbani ni wapi. Mama huyu amekufa na hana pa kuzikwa. Na mama huyu alikuwa na shamba.

Narudia kwa wale mliochelewa. Mideva amekufa, alikuwa na shamba Lugari, na hana pa kuzikwa. Sasa tuanze mwanzo.

Mideva alizaliwa Maragoli. Akaolewa na Chrispinus, ambaye alikuwa dereva wa Mzungu mmoja kule Lugari, siku zile mashamba yote ya huko yalikuwa ya Wazungu. Chrispinus alikuwa dereva hodari, lakini goti lake la kushoto liliharibika. Na mguu wa kushoto, kama mjuavyo, ndio wa klachi. Mtu mwingine angekwenda kwa tajiri wake kusema, bwana, nimeshindwa. Chrispinus alimwita mkewe. Mideva akawa anakaa katikati, ubavuni mwa mumewe, na mguu wake ndio unaokanyaga klachi. Chrispinus anashika usukani na kusema, "Kanyaga." Mideva anakanyaga. "Achia." Anaachia.

Binti yake, Khalayi, ameniambia hivi: "Mama alikuwa anatuambianga alijifunza gari kuanzia chini kwenda juu. Kwanza mguu, halafu mkono, halafu macho."

Walikwenda hivyo mpaka Kitale na kurudi, watu wawili wakiendesha lori moja. Mzungu alipogundua alicheka, kisha akakubali, kwa kuwa alikuwa anapata madereva wawili kwa mshahara wa mmoja. Mwishowe Chrispinus akawa anakaa upande wa abiria akivuta kiko, na Mideva anaendesha yote.

Uhuru ukaja. Mzungu akauza, akaenda zake. Shamba lile likagawanywa, likawa skimu. Jamaa kadhaa wakapewa vipande, kila mtu na chake, Wakristo watulivu, watu wa mahindi na ng'ombe wa maziwa. Wakaunda kamati. Mwenyekiti wa kamati akawa Bwana Joash Mukhwana. Lishikeni jina hilo. Joash Mukhwana, mwenyekiti.

Kamati ikachanga, ikanunua lile lori la Mzungu. Chrispinus akapewa kipande cha ardhi kama wengine, ili awe dereva wao. Hakukaa nacho sana. Alifariki kabla ya mavuno ya pili, wakamzika pale pale, kwenye kona ya shamba lake, karibu na mti wa mkuyu. Kamati ikamwacha Mideva na kipande chake. Msidhani ilikuwa ni huruma. Hakukuwa na mtu mwingine aliyeweza kuliendesha lile lori.

Sasa kuhusu hilo lori, wasikilizaji wapendwa. Lilikuwa limezeeka tangu Mzungu yupo. Lilitoa moshi wa buluu. Lilikunywa oili kuliko lilivyokunywa petroli. Asubuhi lilikohoa kabla ya kuwaka, na likiwaka watoto waliacha kukimbizana wakaja kulitazama. Watu wakalipa jina. Wakaliita Kukhu. Kukhu ni nyanya, yaani bibi mzaa mama au baba, kwa wale mnaonisikiliza kutoka mbali. "Kukhu ameamkaje leo?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya Lugari.

Na walimpenda Kukhu. Hilo siwanyimi. Kukhu ndiye aliyebeba mahindi, aliyebeba mbolea, aliyebeba maharusi. Kama Kukhu angekuwa na mdomo, wangemchinjia ingokho, kuku wetu, na kumsongea obusuma, ugali wetu. Mideva hawakumpenda hivyo. Mideva walimvumilia. Wako wanaume waliokuwa wakifika kwenye kilima wanateremka na kutembea kwa miguu, eti hawawezi kupandishwa mlima na mwanamke. Magunia yao yaliendelea juu bila kuona aibu.

Ndipo akaja Protus. Huyu Protus simjui jina la ukoo, wala hakuna anayelijua. Alifika sokoni Matete siku ya soko, amevaa tai, amebeba sanduku. Ndani ya sanduku mikebe midogo, na juu ya kila mkebe picha ya fahali mwekundu. Dawa ya Fahali. Dawa ya injini. Alisimama juu ya kreti la soda na kusema maneno ambayo mpaka leo watu wa Matete wanayakariri wakitaniana: "Nani amewadanganya gari huzeeka? Gari halizeekangi. Gari linaonanga njaa tu. Lipe mkebe mmoja, litarudi usichana."

Mkebe mmoja, alisema. Angalau alisema hivyo. Katika uongo wake wote hilo lilikuwa neno la kweli, na ndilo ambalo hakuna aliyelisikia.

Mideva alinunua mkebe mmoja. Sifichi. Sikuja hapa kumfanya malaika. Alinunua kwa pesa zake, akafungua boneti pale pale sokoni, akamimina kwenye oili. Akaendesha kurudi Lugari. Siku chache baadaye moshi ukapungua. Kelele zikapungua. Kukhu akawaka asubuhi bila kukohoa. Mideva akafurahi mno. Akapita nyumba moja moja akiwaambia majirani, "Kukhu amepona. Kukhu amekunywa dawa."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mnajua desturi yetu. Mtu haendi kumwona mgonjwa mkono mtupu. Ukienda bila kitu, umekwenda kuchungulia, hukwenda kumwona. Unabeba sukari, unabeba mayai, unabeba hata ndizi tatu. Sasa Kukhu alikuwa mgonjwa, na Mideva peke yake ndiye aliyempelekea kitu. Majirani wakaona vibaya. Itakuwaje Kukhu wa wote aponywe na mjane mmoja? Tena mavuno yalikuwa mlangoni, na kila mtu alitaka mahindi yake yabebwe kwanza. Aliyemponya Kukhu angekuwa na sauti.

Basi wakaenda Matete, kila mmoja na siku yake. Wakanunua mikebe ya fahali. Kukhu alilala bandani kwa mwenyekiti, na boneti haikuwa na kufuli. Mmoja akaja baada ya kanisa akammiminia. Mwingine akaja wanawake walipokuwa mtoni. Mwingine alikuja kumsalimu mwenyekiti na akapitia bandani wakati wa kuondoka. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja alitaka siku moja aseme, mimi ndiye niliyemponya.

Na Mideva? Alipima oili kila asubuhi, kwa kile kijiti chake. Akaona oili haishuki. Siku nyingine akaona imepanda. Badala ya kushtuka, alishukuru Mungu. Alimwambia Khalayi, "Kukhu ameacha kula oili. Ameshiba." Ndiyo, alikosea. Alikuwa na furaha, na furaha ilimziba macho. Mimi naweza kumlaumu kwa hilo, na yeye alijilaumu mpaka kufa kwake. Lakini wale wengine hawana haki hiyo.

Wasikilizaji wapendwa, wengi wenu mna magari makuukuu na najua swali mlilo nalo. Je, dawa ya injini inasaidia gari zee au haisaidii? Nilimtafuta fundi. Anaitwa Kibiwott, ana gereji Matete, na ndiye aliyemfungua Kukhu baadaye. Nilimuuliza hivyo hivyo: Fundi, inasaidia?

Kibiwott akajibu: "Inanyamazishanga. Injini ikizeeka, chuma kimelika, kimeacha nafasi katikati. Hiyo dawa ni nzito, inajaza nafasi kwa muda. Moshi unapungua, kelele inapungua. Mwenye gari anafikiria imepona. Lakini chuma haijarudi. Chuma ikishalika, imelika."

Nikamuuliza, basi ni uongo mtupu? Akasema hapana. "Injini ambayo imechoka kidogo, mkebe mmoja unaweza kuisaidia kufika mavuno. Ni kama kuegemeza nyumba kwa mti. Lakini huwezi kuendelea kuongeza miti ukisema sasa nyumba ni mpya. Ile imekwisha, ifungue uitengeneze, ama uiache ilale."

Na ukizidisha? Hapo Kibiwott alitikisa kichwa. Ukizidisha, oili inakuwa nzito kama uji wa wimbi na pampu inashindwa kuivuta. Tena ile dawa inabandua uchafu wa miaka mingi ulioganda ndani ya injini. Uchafu unashuka chini, unaziba chujio. Oili imejaa na injini inakufa kiu. Hivyo ndivyo fundi alivyosema, nami nimewarudishia kama alivyonipa.

Sasa nakuja kwa Nabwire.

Nabwire alikuwa binti wa Joash Mukhwana, mwenyekiti. Kifungua mimba wake. Alikuwa ameolewa, na alikuja kwa wazazi wake kujifungulia. Uchungu ulimshika asubuhi. Ilipofika mchana mtoto hajaja, na mkunga akasema, huyu mpelekeni Kakamega. Wakaweka godoro nyuma ya Kukhu. Nabwire akalazwa, mama yake akakaa naye. Mideva akashika usukani. Joash mwenyewe alimfungulia lango. Khalayi alimsikia akimwambia Mideva, "Mama Khalayi, mtoto wangu yuko mikononi mwako." Mideva akamjibu, "Kukhu ana nguvu sasa, mzee. Tutafika."

Walipita Matete vizuri. Kwenye kilima kabla ya msitu wa Malava, Kukhu akaanza kugonga. Mideva alisikia. Ule mlio si wa kikohozi, ni chuma kinapiga chuma. Akapunguza gea. Akajaribu kuendelea, kwa sababu nyuma kulikuwa na mtu anayelia. Injini ikanoki. Ikashikana, ikasimama pale pale mlimani, na haijawaka tena mpaka leo.

Mideva aliweka mawe nyuma ya magurudumu. Akavua viatu, akakimbia. Alikimbia mpaka misheni moja iliyo mbele huko, akalia mlangoni mpaka akapewa gari. Aliporudi nalo, jua bado liko juu, Nabwire alikuwa ameshakata roho kwenye lile godoro, na mtoto ndani yake. Mama yake alikuwa amemfunika uso kwa leso.

Mama yake Nabwire naye hakukaa. Aliaga dunia mwaka uliofuata. Namtaja ili asisahaulike.

Msiba ukawekwa, watu wakalia, Nabwire akazikwa. Kisha ikafika siku ya kunyoa nywele. Huku kwetu ndiyo siku ambayo wafiwa wanakaa mchana, watu wote wamekusanyika, na wanazungumza kifo kilitoka wapi. Wakaketi uani kwa mwenyekiti. Wakamwita fundi Kibiwott, ambaye alikuwa amemfungua Kukhu, aseme aliona nini.

Kibiwott akawaeleza yote niliyowaeleza. Akawaonyesha lile chujio, limeziba kwa tope jeusi. Akasema mbele ya watu wote, "Hii si mkebe mmoja. Mkebe mmoja hauwezi kufanya hivi. Nani mwingine alitia?"

Wazee wakatazama miguu yao. Wamama wakatengeneza vitambaa vyao vya kichwa. Yule aliyekuja baada ya kanisa alikuwa pale. Yule aliyesubiri wanawake waende mtoni alikuwa pale. Walikuwa wameketi bega kwa bega.

Joash Mukhwana akauliza, "Mideva, wewe ulitia?"

Mideva akasimama. "Nilitia, mzee. Mkebe mmoja. Nilitia."

"Basi," Joash akasema. "Tumesikia."

Mmesikia nanyi? Katika uwanja ule mzima, mtu mmoja alisema kweli, na huyo ndiye waliyemshika. Wakasema mwanamke hakufaa kupewa lori tangu mwanzo. Wakasema wa Maragoli huyu, kwao labda kuna mambo. Wakasema kile kipande kilikuwa cha dereva na si cha mjane, na sasa yeye si dereva tena. Kamati ikampa kipande hicho mpwa wa mwenyekiti. Mideva akafungasha vyombo na watoto wake kabla ya mahindi yake mwenyewe kukauka. Mahindi yale walivuna wao. Sijui waliyalaje.

Akaja hapa mjini, Amalemba. Akawa anawafulia nguo watumishi wa serikali na kuwapigia pasi. Dereva aliyefika Kitale na kurudi. Hakushika usukani tena. Khalayi anasema alikuwa akipita karibu na gari linalonguruma anasimama, anasikiliza, kisha anaendelea na njia yake. Watu waliomjua Amalemba wanasema alikuwa mcheshi, alitania, alitoa sadaka kanisani. Jirani yake, Mama Mildred, ameniambia: "Hakuwanga mtu wa kununa. Lakini usimtajie Lugari. Ukitaja Lugari anaenda kuanua nguo hata kama hazijakauka."

Kitu kimoja tu alikitaka. Alitaka akifa azikwe kando ya mumewe, kwenye ile kona ya shamba. Hakudai shamba, wala mahindi. Alidai urefu wa mtu mmoja. Alimtuma Khalayi kwa Joash mara nyingi, na jibu lilikuwa lile lile: shamba lina mwenyewe. Na alipokufa Jumamosi, Khalayi alikwenda tena, akapiga magoti. Jibu likawa lile lile. Ndugu zake wa Maragoli nao wamesema mwanamke aliyeolewa hazikwi kwa baba yake, ataleta mkosi. Huko kwa mume hatakiwi, huku kwa baba hatakiwi.

Mimi nilikasirika. Naona nisiwafiche. Nikachukua basi Jumanne nikaenda Lugari mwenyewe.

Kwanza niliiona ile kona. Hakuna kaburi. Nilitafuta mkuyu, nikaambiwa ulikatwa. Nilitafuta kilima cha udongo, nikaona mahindi. Wamelima juu ya Chrispinus Wanyonyi, mistari imenyooka, palizi imefanywa vizuri. Yule mpwa alinionyesha kwa kidole, "Ni hapo hapo mahali," akaendelea kula muwa.

Nikaingia nyumba hadi nyumba. Nikakaribishwa, nikapewa chai, watu wa Lugari ni wakarimu sana kwa mgeni. Na nilipokuwa nikinywa chai nikaanza kuona kitu kwenye rafu. Koroboi. Taa ndogo ya mafuta, imetengenezwa kwa mkebe. Na kwenye mkebe, fahali mwekundu. Nikaingia nyumba ya pili, koroboi, fahali mwekundu. Ya tatu, hivyo hivyo. Nyumba nyingine fahali amefifia kwa masizi lakini pembe zinaonekana. Mikebe ilikuwa mizuri, hakuna aliyetaka kuitupa. Miaka yote hii wamekuwa wakitembeleana, kila mtu anaona taa ya mwenzake, na hakuna aliyeuliza.

Mmoja tu alisema. Bibi mzee anaitwa Cherotich, jirani wa zamani wa Mideva. Nilimuuliza taa hii ilitoka wapi. Akanitazama sana. Kisha akasema, "Mwanangu, sisi wote tulitia. Mtu haendangi kwa mgonjwa mkono mtupu."

Nikamuuliza, na siku ile ya kunyoa, mbona hukusema?

"Aliyekufa alikuwa mtoto wa mwenyekiti," akasema. "Nani angeinua mkono? Na Mideva alikuwa ameshakubali. Tukaona afadhali mmoja."

Afadhali mmoja. Chai yangu niliiacha hapo.

Mwisho nilikwenda kwa Joash Mukhwana. Amezeeka. Alinipokea vizuri, akatuma nichinjiwe kuku, nikakataa. Na kwenye meza yake, wasikilizaji wapendwa, koroboi mbili. Mbili, na fahali wawili. Nikamuuliza moja kwa moja. Mzee, wewe ulitia?

Akanena maneno ambayo nayarudisha hapa kama yalivyo, kwa kuwa hakuniambia nifiche. Alisema, "Nabwire alikuwa anakaribia siku zake. Nilijua barabara ni mbaya. Nikasema gari liwe na nguvu, lisije likaniangusha siku hiyo. Nikatia mkebe. Halafu nikaogopa, nikatia mwingine."

Nilimhurumia. Siwezi kusema sikumhurumia. Baba ametia dawa kwa mkono wake ili mtoto wake afike, na ule mkono ndio uliomsimamisha mlimani. Yeye na wenzake, lakini yeye zaidi. Amelijua hilo tangu siku ile Kibiwott alipoinua chujio. Na badala ya kulibeba, alimtafutia mjane mgongo wa kulibeba. Miaka yote hiyo Mideva alifua nguo za watu Amalemba akiamini kwamba mkebe wake mmoja ndio uliomuua Nabwire. Amekufa akiamini hivyo. Hakuna aliyepanda basi kuja kumwambia, Mama Khalayi, tulikuwa wengi.

Nikamwambia Joash, basi mwacheni azikwe kwa mumewe. Amebeba lako muda mrefu. Akafuta macho yake. Nikadhani amelainika. Akasema, "Akizikwa hapa, watu watauliza kwa nini tulimfukuza."

Hilo ndilo jibu nililorudi nalo mjini, na ndilo nililompa Khalayi.

Basi, wasikilizaji wapendwa, tunafika mwisho wa kumbukumbu yetu. Kwa Khalayi na wadogo zake, sisi wa studio hii tunawapa pole. Pole kwa kumpoteza mama. Pole na kwa baba yenu, ambaye amezikwa kisha akalimwa. Mama yenu hakumuua Nabwire. Nalisema kwa sauti, kwenye redio, ili hata atakayejifanya hakusikia aambiwe na jirani yake. Mideva hakumuua Nabwire.

Na nyinyi wengine, msiseme haya ni ya Lugari. Katika kila kijiji kuna mtu aliyesema kweli peke yake na akaadhibiwa kwa niaba ya walionyamaza. Mfikirieni wa kwenu jioni hii, kabla hamjalala. Kama bado yu hai, mwendeeni kesho. Na msiende mkono mtupu, kama mlivyozoea.

Sasa tangazo la mazishi. Marehemu Mideva, mjane wa marehemu Chrispinus Wanyonyi, atazikwa kesho katika makaburi ya mji hapa Kakamega, pamoja na wale wasio na watu. Mwili utatoka hospitalini saa nne asubuhi. Habari hizi ziwafikie ndugu zake wote, Maragoli. Zimfikie Bibi Cherotich, Lugari. Ziwafikie wanachama wote wa lori, kila nyumba, Lugari. Zimfikie mpwa wa mwenyekiti, Lugari, kwenye ile kona ya mahindi. Na zimfikie Bwana Joash Mukhwana, mwenyekiti.

Mzee, narudia kwa faida yako: mwili unatoka saa nne. Kaburi la mji limeshachimbwa, lakini hajawekwa mtu ndani. Ukianza kuchimba sasa hivi, hapo kando ya Chrispinus, utamaliza kabla ya hiyo saa nne. Majembe unayo.